Mpanda Farasi wa Wasenufo

Leo twasafiri hata Afrika ya Magharibi, kwa watu waitwao Wasenufo. Nchi yao ni upande wa kaskazini wa Côte d'Ivoire, uliko mji wa Korhogo, nayo yaendelea mpaka Mali na Burkina Faso. Ni wakulima hodari, na kijana kwao hupata sifa kwa jembe lake. Farasi si mnyama wao. Maana mbung'o humwua upesi, kama awauavyo ng'ombe katika mapori yetu, na bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mkulima.

Walakini wachongaji wao huchonga sanamu za watu waliopanda farasi. Watu wa jembe wana haja gani na farasi?

Wazee wao walimjua farasi kwa vita. Samori Ture, mtawala mashuhuri wa Wamandinka, alikuwa na askari wapanda farasi, na farasi wengine aliwapata kwa kuwatoa mateka. Yafikirini hayo: mnyama mmoja kununuliwa kwa wanadamu! Mwaka 1887 aliuzingira mji wa Sikasso, makao ya mfalme Tieba, asiuweze. Tieba naye alikuwa na farasi zake, na vijiji vya Wasenufo vilibanwa kati ya wakubwa hao. Mwaka 1897 Samori aliuharibu mji wa Kong. Mwaka wa pili Wafaransa wakamkamata. Basi aliyekaa juu ya farasi alikuwa ndiye mwenye nguvu, naye aliogopwa.

Lakini sanamu ile haikuchongwa kwa ajili ya mfalme wala jemadari. Mahali pake ni chumba kidogo cha mwaguzi, na mwaguzi huyo aghalabu ni mwanamke, wa chama kiitwacho Sandogo. Mtu mwenye ugonjwa au msiba humwendea. Huketi pamoja, mwaguzi akamshika mkono, akaupigapiga pajani, huku akiwauliza pepo wa porini sababu ya taabu ile. Mbele yake pana kauri na vitu vidogo vidogo vya kutupa chini, pamoja na sanamu mbili, ya mume na ya mke. Aliyefanikiwa katika kazi yake huongeza mpanda farasi. Huyo ni pepo mwenye nguvu, aendaye mbio na kurudi na habari.

Ukiitazama sanamu yenyewe, waweza kucheka kwanza. Farasi ni mdogo, miguu mifupi na minene, na bwana wake ana kichwa kikubwa kupita kiasi. Usidhani mchongaji hakujua vipimo. Kipande cha mti ni kimoja, naye amempa nafasi yule mwenye habari. Farasi ni chombo cha kumchukua tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ushujaa wa kazi hii: mnyama aliyeleta hofu kijijini ametwaliwa, akatiwa katika utumishi wa mama aulizaye kwa nini mtoto wake hapati nafuu.

Yapata mwaka 1950 ilizuka katika nchi ile dini mpya iitwayo Massa, iliyowaamuru watu kuacha vitu vya kale. Sanamu nyingi zilitolewa zikauzwa, na mwaka 1963 kazi za Wasenufo zilionyeshwa peke yake katika jumba la makumbusho huko New York. Katika majumba ya namna hiyo mpanda farasi husimama nyuma ya kioo, wala kauri hazipo mbele yake.