Tone la Sikioni

Damu ya mbwa mwenye homa ya kupe huchukuliwa kwenye ncha ya sikio. Ndivyo alivyonifundisha mzee aliyenipokea maabara ya mifugo, na ndivyo nilivyowafundisha vijana mpaka nilipostaafu. Chembe nyekundu zilizobeba vimelea hukwama kwenye mishipa midogo kabisa, kwa hiyo tone la sikioni huwa na vimelea vingi kuliko damu iliyovutwa mguuni. Unalitandaza juu ya kioo, unaliacha likauke, unalitia methanoli, kisha rangi ya Giemsa. Baada ya hapo ni subira na macho.

Wengi wanaotumia rangi hiyo kila siku hawajui kwamba Giemsa ni jina la mtu. Gustav Giemsa alikuwa mkemia wa Hamburg, na alitangaza rangi yake mwaka 1904. Wakati huo ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuonekana. Victor Babeș aliona vijidudu ndani ya chembe nyekundu za ng'ombe wa Romania mwaka 1888. Mwaka 1893, Theobald Smith na Frederick Kilborne wa Marekani wakathibitisha kwamba kupe ndiye anayevisambaza kwa ng'ombe. Zamu ya mbwa ilifika mwaka 1895, Piana na Galli-Valerio walipoeleza vimelea hivyo katika damu ya mbwa wa Italia. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, huko Rasi ya Afrika Kusini, akaonyesha kwamba mbwa naye huambukizwa na kupe.

Habari inayotuhusu sisi zaidi ni ya 1910. George Nuttall wa Cambridge alieleza kimelea kilichotoka katika damu ya mbweha wa Kenya, akakiita rossi. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu walikihesabu kuwa kilekile cha Ulaya, na siwalaumu, maana kwenye hadubini huwezi kuvitofautisha: vyote vina ncha moja nyembamba na upande wa pili mnene, na mara nyingi hukaa viwili viwili ndani ya chembe. Mwaka 1989 Gerrit Uilenberg na wenzake wakaonyesha kwamba ni aina tatu, kila moja na kupe wake. Rossi ndiyo kali kuliko zote. Mbweha huibeba asiugue, mbwa huweza kufa nayo ndani ya siku chache, na mwenye mbwa husema jirani amemlisha sumu. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, na kioo kikawasafisha majirani wengi.

Ugonjwa wa pili ambao kupe huwaletea mbwa ulichelewa kufahamika. Mwaka 1935, Donatien na Lestoquard waliona kule Algeria bakteria wadogo ndani ya chembe nyeupe za mbwa waliojaa kupe, wamejikusanya kama tunda la forosadi. Leo tunawaita Ehrlichia. Dunia haikushtuka mpaka vita vya Vietnam, mbwa wa jeshi la Marekani walipoanza kutoka damu puani na kufa kwa wingi. Shida ikawa kwamba kioo hakikutosha, kwani chembe zenye bakteria hao ni adimu mno. Unaweza kutafuta asubuhi nzima usione hata moja.

Njia ilifunguliwa mwaka 1971, na natamani kila mwanafunzi wa mifugo wa Afrika Mashariki alijue jina la aliyeongoza andiko lile: Mramba Nyindo, ambaye baadaye alifundisha Moshi. Pamoja na Miodrag Ristic na wenzao wa Illinois, aliwaotesha bakteria hao katika chembe hai nje ya mwili wa mbwa. Walipopatikana maabara, iliwezekana kutengeneza kipimo cha kutafuta kingamwili kwa mwanga wa rangi, nacho kikatangazwa mwaka 1972. Vipimo vya haraka vinavyouzwa leo vinafuata wazo hilohilo la kingamwili.

Hata hivyo, kingamwili hubaki mwilini miezi mingi baada ya mbwa kupona, kwa hiyo jibu la "ndiyo" peke yake halimaanishi kwamba anaumwa leo. Na dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine, ilhali mbwa mmoja huweza kuwa na yote mawili. Hapo ndipo ninapokasirishwa na tabia ya kudunga "sindano ya kupe" kwanza na kuuliza maswali baadaye.

Ndugu msomaji, mbwa wako akikataa chakula, ufizi ukapauka au mkojo ukawa mwekundu, mwombe bwana mifugo achukue damu kabla ya sindano yoyote. Dawa ikishafanya kazi, vimelea hutoweka kwenye kioo, na aliyeko maabara hana tena cha kukusomea.