Taa za kazi jukwaani: njia rahisi na za bei nafuu za kuzidhibiti

Kijana wa Pwani anayekwenda Nairobi kutafuta riziki ya sanaa hachelewi kuijua Ngara. Huko ndiko lilikokuwa jumba la sinema la Shan, ambalo Sarakasi Trust ililigeuza kuwa Sarakasi Dome, mahali pa mazoezi na maonyesho ya wanasarakasi na wachezaji ngoma. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye barabara ya Harry Thuku, iko Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952 na kufunguliwa upya 2015 baada ya ukarabati. Majumba ya namna hii yakitajwa, watu huzungumza juu ya taa za onyesho: rangi zake, nguvu zake na bei yake. Taa za kazi hazitajwi, na hizo ndizo zinazoamua kama kijana atarudi nyumbani na miguu yake mizima.

Makala haya yanaeleza taa hizo ni zipi, na vipi kikundi kisicho na fedha nyingi kinaweza kuzidhibiti vyema.

Taa za kazi ni zipi?

Ukumbi una mafungu manne ya taa, na yasichanganywe.

Taa za ukumbi humulika viti vya watazamaji. Taa za onyesho huongozwa kutoka bodi ya taa. Taa za dharura humulika milango ya kutokea na hutegemea betri zake zenyewe. Taa za kazi ni zile nyeupe, kavu, zisizo na urembo, zinazowashwa mafundi wanapojenga mandhari, wasanii wanapofanya mazoezi na wafagiaji wanapofagia.

Sinema inahitaji swichi chache tu: taa za ukumbi zinazimwa, filamu inaanza. Jukwaa la watu hai ni jambo jengine. Kuna aliye juu ya ngazi, kuna anayebeba meza gizani, kuna anayesubiri zamu yake nyuma ya pazia akiwa peku. Ndiyo maana ukumbi wa sinema, wa shule au wa harusi ukigeuzwa jukwaa, jambo la kwanza kuonekana pungufu ni taa za kazi. Ama hazipo, ama zimefungwa kwenye swichi moja na taa za ukumbi, ama swichi yake iko mlangoni ambapo kila apitaye anaweza kuibonyeza.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, mtu anawasha taa katikati ya onyesho na kuharibu kazi ya miezi. La pili ni baya zaidi: mtu anazima taa wakati mwenzake yuko juu ya ngazi. Vijana wetu wengi wa sanaa hawana bima wala mshahara wa mwezi. Mfupa ukivunjika, gharama inakwenda kwa mama yake.

Hatua ya kwanza: swichi iwe na mwenyewe

Kabla ya kununua chochote, amueni nani ana amri juu ya swichi. Kwa kawaida ni meneja wa jukwaa. Yeye peke yake ndiye anayezima, na kabla ya kuzima anatamka kwa sauti, "Nazima taa za kazi," kisha anangoja kujibiwa na kila aliye jukwaani. Hili halina gharama hata ya shilingi moja.

Pili, itieni alama. Swichi sita zilizopangwa ukutani bila maandishi ni mtego. Pakeni rangi nyekundu swichi ya taa za kazi, andikeni jina lake, na zile zisizotakiwa kuguswa wakati wa onyesho zifunikeni kwa kifuniko cha plastiki. Mkiweza, wekeni swichi ya ufunguo mahali palipo na watu wengi.

Hatua ya pili: swichi moja, rangi mbili

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa urahisi wake.

Kila duka la umeme huuza swichi ya njia mbili, ile mafundi wanayoiita tu-wei. Watu huitumia kwenye ngazi za nyumba, kuwasha chini na kuzima juu. Lakini swichi hiyo hiyo, ikiwa peke yake, inaweza kufanya kazi nyengine. Nyuma yake ina vituo vitatu, vilivyoandikwa COM, L1 na L2. Umeme unaingia COM. L1 inakwenda kwenye taa nyeupe za kazi. L2 inakwenda kwenye taa ndogo za buluu zilizowekwa pembeni mwa jukwaa na nyuma ya pazia. Nyutro na athi za kila taa hupita njia yake bila kugusa swichi.

Ukiibonyeza upande mmoja, taa nyeupe zinawaka. Ukiibonyeza upande wa pili, nyeupe zinazimika na buluu zinawaka papo hapo. Maadamu umeme upo, hakuna wakati ambapo nyuma ya pazia pana giza tupu, na hakuna anayehitaji kukumbuka kuwasha taa za buluu, kwa sababu kule kuzima nyeupe ndiko kunakoziwasha.

Kwa nini buluu? Kwa sababu mwanga wake hafifu hauvuki pazia kwa urahisi, na ukivuka kidogo haugombani na mandhari ya usiku. Balbu iwe ndogo, ielekezwe chini, na ikingwe isionekane na watazamaji. Ongezeni mkanda mweupe au unaong'aa gizani kwenye kingo za ngazi na pembe za mandhari.

Hatua ya tatu: swichi kuu ya meneja

Ukumbi wenye milango miwili unahitaji kuwasha taa kutoka sehemu mbili, kwani asubuhi fundi haingii kupitia kwa meneja. Hapo tu-wei mbili hutumika kama kwenye ngazi za nyumba. Tatizo ni kuwa mtu wa mlangoni ataweza kuwasha taa usiku wa onyesho.

Dawa yake ni swichi moja zaidi, ya kawaida, iliyotangulia zote kwenye njia ya umeme na kuwekwa mezani kwa meneja wa jukwaa. Meneja akiizima, zile za milangoni zinabonyezwa bila kufanya lolote. Onyesho likiisha anaiwasha, na kila mlango unarudi kazini. Ukipanga hivyo, hakikisha taa za buluu zina njia yake nyengine, zisizimwe na swichi hiyo.

Hatua ya nne: kontakta, pale taa zinapokuwa nyingi

Swichi ya ukutani haikukusudiwa kubeba mzigo mkubwa. Ukumbi wenye taa nyingi unahitaji kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme. Swichi ndogo ya meneja huamuru sumaku, na sumaku huvuta swichi kubwa inayobeba mzigo. Kwa njia hii mnaweza kuweka vitufe vya kuwasha na kuzima sehemu tatu au nne.

Jueni tabia yake moja: kontakta ya vitufe ikikatikiwa na umeme huachia, na umeme ukirudi hukaa imezimika mpaka mtu abonyeze. Katikati ya onyesho hiyo ni neema. Wakati wa kujenga mandhari, kumbukeni mtabaki gizani mpaka mtu afike kwenye kitufe.

Kikundi kisicho na ukumbi wake

Wengi wetu hucheza kwenye kumbi za kukodi, uwanja wa shule au kiwanja cha wazi. Fundi anaweza kuwatengenezea kisanduku kimoja cha kubeba: plagi moja ya kuingizia umeme, tu-wei moja juu yake, na soketi mbili, moja ya taa nyeupe na moja ya buluu. Kwa taa za LED, fyuzi ya ampia 3 kwenye plagi inatosha, kwani kwa volti 240 inabeba takriban wati 720. Kisanduku kiandikwe "taa peke yake", mtu asije akachomeka birika la chai.

Taa gani za kununua

Fanyeni hesabu. Taa nne za halojeni za wati 500 kila moja ni wati 2,000. Zikiwaka saa 10 kwa siku ya mazoezi na ujenzi, zinakula yuniti 20 za tokeni. Taa nne za LED za wati 50 ni wati 200, na kwa saa hizo hizo zinakula yuniti 2. Tena halojeni huchoma: ikiegemea pazia, ni moto.

Ngara iko karibu na maduka ya umeme ya Kirinyaga Road na Luthuli Avenue, na Mombasa nako hatukosi. Tazameni kama taa ya chuma ina waya wa athi. Kama haina, iacheni dukani.

Mambo ya kuepuka

Msiunganishe taa za kazi za LED kwenye dima za taa za onyesho. Nyingi zitapepesa, na nyengine zitaharibika.

Msitegemee bodi ya taa peke yake. Bodi ikikwama au mwenye nywila asipokuwepo, jukwaa zima linabaki gizani. Swichi ya ukutani iwepo daima.

Swichi za kuamrishwa kwa simu kupitia intaneti zinavutia, lakini ukumbi uliojaa simu za watazamaji si mahali pa kuziamini. Zile za kuhisi mtu akipita zinafaa chooni na stoo. Pembeni mwa jukwaa hazifai: msanii akijongea, taa itawaka.

Giza la ghafla

Taa za kazi si taa za dharura. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na usiku kama ule hakuna swichi inayosaidia. Taa za milangoni ziwe na betri, na zijaribiwe kila mwezi kwa kuzikatia umeme. Tarehe 30 Desemba 1903, moto ulizuka katika Iroquois Theatre mjini Chicago baada ya taa ya jukwaani kuwasha pazia. Zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wakihangaika kwenye milango ambayo hawakuweza kuiona au kuifungua.

Ukumbi unapofungwa usiku, fuateni ada ya majumba ya Ulaya na Marekani: balbu moja huachwa ikiwaka juu ya kigingi katikati ya jukwaa. Wenyewe huiita taa ya mzimu, na kwetu hapakosi atakayesema ni ya jini. Faida yake ni nyepesi kueleza: anayeingia wa kwanza asubuhi asianguke kabla ya kuifikia swichi. LED ya wati 5 inatosha.

Neno kwa wasimamizi

Kazi ya waya za ukutani ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na njia ya taa iwekewe breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Hapo msifanye ubahili. Ubahili mzuri ni wa kutonunua mitambo ghali pale ambapo swichi mbili na kopo la rangi nyekundu zinatosha.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ajali ya ngazi gizani ina kinga, na inauzwa duka la umeme la karibu nawe. Kamati ya ukumbi, iwe ya Ngara, Mombasa au Lamu, isingoje mtu avunjike ndipo ichangishe pesa za hospitali zilizozidi bei ya swichi mara elfu.