Utunzaji wa Mtambo wa Kuchuja Maji Nyumbani: Mwongozo kwa Kaya za Chato na Ukanda wa Dhahabu

Na Mwandishi Wetu, Chato

Mtambo wa kuchuja maji kwa utando, ambao wauzaji na mafundi huuita kwa kifupi RO, hutoa maji maangavu yasiyo na harufu siku unapofungwa. Huendelea kutoa maji maangavu yasiyo na harufu hata baada ya utando wake kuchakaa, na hapo ndipo penye hatari kwa kaya inayoutegemea. Katika ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, unaojumuisha sehemu za mikoa ya Geita na Shinyanga, baadhi ya kemikali zinazoweza kuwemo katika maji ya visima hazionekani kwa macho wala hazihisiwi kwa ulimi. Mwananchi anayesubiri ladha ya maji ibadilike ndipo amwite fundi huenda akasubiri kwa miaka mingi huku familia yake ikinywa kile alichonunua mtambo ili kukiepuka.

Kabla ya kuzungumzia matunzo, ni vyema kila kaya ijiulize kama inauhitaji mtambo huo. Mji wa Chato upo kando ya Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo yana chumvi kidogo sana. Kiasi cha vitu vilivyoyeyuka ndani yake kwa kawaida ni miligramu 100 kwa lita au pungufu. Tatizo lake ni tope, mwani na vimelea vya magonjwa kama kipindupindu na homa ya matumbo. Matatizo hayo hutatuliwa kwa kuchuja, kutibu kwa klorini au kuchemsha, njia ambazo gharama yake ni ndogo. Kaya inayopata maji ya ziwa yaliyokwisha kutibiwa na mamlaka ya maji, kisha ikanunua mtambo wa RO, imenunua dawa ya ugonjwa isiokuwa nao.

Hali ni tofauti kwa kaya zinazotumia visima mbali na mwambao. Miamba yenye dhahabu mara nyingi huambatana na madini yenye arseniki, na tafiti zilizofanyika katika ukanda huu zimebaini arseniki katika baadhi ya vyanzo vya maji vya mkoa wa Geita. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi miligramu 0.01 ya arseniki katika lita moja ya maji ya kunywa. Anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya mabadiliko ya ngozi na saratani za ngozi, kibofu na mapafu. Upande wa Shinyanga, visima vingi vinafahamika kwa kuwa na floraidi nyingi; pendekezo la shirika hilo kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi arseniki wala floraidi. Maji yanapopungua kwenye sufuria, kemikali hubaki palepale na maji yaliyosalia huwa nazo kwa wingi zaidi. Hapa ndipo mtambo wa RO unapostahili gharama yake.

Ieleweke pia kwamba mtambo hulinda maji ya kunywa na kupikia pekee. Haumkingi mchimbaji mdogo anayevuta mvuke wa zebaki anapochoma dhahabu, wala mtoto anayepata kichocho kwa kuoga ziwani.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Maji husukumwa kwa nguvu dhidi ya utando wenye matundu madogo kupita kiasi. Maji safi hupenya, na sehemu iliyobaki na chumvi zake hutoka kwa mpira wa maji taka. Mitambo mingi ya nyumbani hutoa lita 3 hadi 4 za maji taka kwa kila lita moja ya maji ya kunywa, na hilo si hitilafu. Kabla ya utando huwapo kichujio cha tope na kichujio kimoja au viwili vya kaboni, yaani mkaa maalumu. Baada yake lipo tangi dogo la kuhifadhia, na mara nyingi kichujio kingine cha kaboni karibu na bomba la kunywea.

Utando ndio sehemu ghali, na vichujio vya mwanzo vipo ili kuulinda. Kichujio cha tope huzuia chembe zisiuzibe. Kaboni huondoa klorini, ambayo huharibu utando kiasi cha kutorekebishika. Kwa sababu hiyo, kaya yenye maji ya bomba yaliyotibiwa haipaswi kuchelewesha kubadili kaboni, hata kama maji bado yanatoka kwa kasi. Kichujio cha tope kikijaa, kasi ya maji hupungua na mwenye nyumba hutambua. Kaboni iliyochoka haitoi taarifa yoyote.

Msukumo wa maji nao huhitaji kuangaliwa. Mitambo mingi huhitaji msukumo wa baa 3 hadi 4. Tangi la plastiki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 hutoa baa 0.3 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa moja. Kaya nyingi za Chato hutumia tangi la namna hiyo, hivyo zinahitaji mtambo wenye pampu yake ya umeme. Pasipo msukumo wa kutosha, maji hutoka kidogo na utando huzuia chumvi kwa udhaifu, jambo linalomfanya fundi asiye mwangalifu alaumu utando ulio mzima.

Matunzo na muda wake

Watengenezaji wengi hushauri vichujio vya tope na kaboni vibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, na utando kila baada ya miaka 2 hadi 3. Viwango hivyo viliwekwa kwa kuzingatia maji ya bomba yaliyo maangavu. Kwa maji ya kisima chenye tope au kutu, hasa wakati wa mvua za vuli na masika, kichujio cha tope kinaweza kujaa ndani ya wiki chache. Ni busara kukikagua kila mwezi na kukibadilisha kinapogeuka rangi hadi ndani. Kichujio cha nyuzi hakifai kusuguliwa kwa brashi na kurudishwa, kwa sababu kusugua hutanua nafasi kati ya nyuzi na tope hupita. Maji yenye madini mengi ya chuma, yale yanayogeuka rangi ya kutu yakikaa kwenye ndoo, yaachwe kwanza yatulie katika tangi lililo wazi kwa hewa lakini lililofunikwa kwa wavu, kisha yapitishwe kwenye mchanga kabla ya kuingia katika mtambo.

Wakati wa kubadilisha vichujio, funga maji, zima umeme na ufungue bomba la kunywea ili msukumo uishe. Mpira wa kuzibia ulio kwenye mdomo wa kila chupa ya kichujio usafishwe na kupakwa grisi ya silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula. Mafuta ya mgando ya kujipaka yasitumike, kwani hulainisha na kuharibu mpira. Chupa ikazwe kwa mkono, na spana yake itumike kidogo tu mwishoni. Nyufa nyingi za chupa hizo hutokana na kukaza kupita kiasi.

Mara moja kwa mwaka mtambo wote husafishwa kwa klorini. Vichujio vyote na utando hutolewa kwanza. Kusahau kutoa utando ni kuuharibu. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya dawa ya klorini isiyo na manukato humiminwa katika chupa ya kwanza, maji hufunguliwa hadi yajaze mabomba na tangi, kisha huachwa kwa dakika 30. Baada ya hapo maji humwagwa hadi harufu iishe, ndipo vichujio vipya na utando hurejeshwa. Tangi la kwanza la maji baada ya kazi hiyo lisinywewe.

Iwapo maji hutoka kwa kasi kwa muda mfupi kisha hudhoofika, chunguza tangi dogo kabla ya kununua chochote. Ndani yake mna hewa inayosukuma maji. Likiwa tupu, hewa hiyo inapaswa kuwa takriban baa 0.5, na fundi baiskeli yeyote mwenye pampu na geji anaweza kuiongeza.

Kupima ndiyo njia ya kujua

Kifaa kidogo cha kupima vitu vilivyoyeyuka, kinachojulikana kama kipima TDS, humwonesha mwenye nyumba hali ya utando. Pima maji yanayoingia na yanayotoka, na uandike tarehe. Kisima kikiwa na 400 na bombani kukatoka 40, utando unazuia asilimia 90. Kinga hiyo ikishuka chini ya asilimia 80, utando ubadilishwe.

Hata hivyo, kipima TDS hakipimi arseniki. Kiasi cha arseniki kinachodhuru ni sehemu ndogo mno ya miligramu, na kifaa hicho hakiwezi kukitofautisha ndani ya mamia ya miligramu za chumvi za kawaida. Aidha, arseniki iliyomo katika maji ya kisima yasiyo na hewa mara nyingi huwa ya aina ambayo utando huizuia kwa udhaifu, na huenda maji yakahitaji kutibiwa kwanza ili kuigeuza. Kwa hiyo kaya inayotumia kisima inashauriwa kupeleka maabara sampuli mbili, moja ya kisima na nyingine ya maji yaliyochujwa, mtambo unapofungwa na kila utando unapobadilishwa. Jijini Mwanza ipo maabara ya ubora wa maji iliyo chini ya Wizara ya Maji, pamoja na ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Chupa za sampuli zichukuliwe maabara, kwa kuwa chupa ya soda iliyooshwa nyumbani huweza kupotosha majibu. Sampuli ya kupima vimelea huwekwa kwenye ubaridi na kufikishwa ndani ya saa 24, jambo lililorahisishwa na Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, ambapo awali msafiri alitegemea kivuko. Majibu yalinganishwe na kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania.

Maji yaliyochujwa hayana klorini ya kuyalinda, hivyo yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko na koki, na yanywewe ndani ya siku moja au mbili. Familia ikisafiri kwa zaidi ya wiki moja, tangi limwagwe na kujazwa upya inaporejea.

Maji taka ya mtambo yanafaa kwa kupiga deki na kumwagia chooni. Yasinywewe na watu wala mifugo, kwa kuwa kemikali zilizozuiwa na utando zimejikusanya humo, na yasimwagwe karibu na kisima. Vichujio vilivyotumika katika kisima chenye arseniki visichomwe wala kuachwa mikononi mwa watoto. Vifungwe kwenye mfuko, na afisa afya wa kata aulizwe mahali pa kuvitupa.