Kitufe cha Siti ya Mwisho

Hiace ile ililetwa gereji ikiwa ndiyo kwanza imetoka bandarini. Rangi ya njano, ubavuni sungura na tembo wameshikana mikono, na maandishi ya Kijapani yasiyo na msomaji mtaani kwetu. Mwenyewe, mama mmoja mwenye chekechea, alikuwa na shida moja tu.

"Fundi, nikizima injini linapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Nikatie hiyo waya."

Kukata waya ni dakika mbili, na elfu tano yangu ninayo. Nikaifuata toka kwenye swichi ya ufunguo, ikapita chini ya zulia, siti baada ya siti, ikaishia kona ya nyuma kabisa. Pale juu ya siti ya mwisho palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani. Nikakibonyeza, kelele ikakatika.

"Wajapani nao!" akasema. "Dereva yuko mbele, kizimio wanakiweka nyuma?"

Hata mimi niliona ni ujinga. Nikaelekeza kamera ya simu kwenye stika ya kitufe hicho, initafsirie. Ilisema: hakikisha hakuna mtoto aliyebaki, kisha bonyeza.

Jioni ile sikuikata waya. Nilikaa nasoma.

Mwezi Julai 2021, mjini Nakama, Japani, mtoto wa miaka mitano alisahaulika ndani ya basi la shule ya awali akafa kwa joto. Septemba 2022 ikatokea tena, Makinohara, mkoa wa Shizuoka: binti wa miaka mitatu, saa tano ndani ya basi lililofungwa. Siku hiyo dereva wa kawaida hakuwepo, mkuu wa shule ndiye aliyeshika usukani. Chupa ya maji ya yule mtoto ilikutwa tupu. Hapo niliiweka simu chini kwanza. Serikali ikaamuru kuanzia Aprili 2023 mabasi ya watoto wadogo nchini yafungwe kifaa: ama sensa, ama kitufe kama hiki changu. Korea Kusini walitangulia. Baada ya kifo cha namna hiyo mwaka 2018, walianza mwaka uliofuata kumlazimisha dereva abonyeze kengele ya nyuma. Na wazo lenyewe si la Asia, maana mabasi ya shule ya Amerika Kaskazini yalishakuwa nalo.

Kwenye magari madogo, habari inaanzia Marekani, tena inaanzia kwenye jambo jema. Mifuko ya hewa ya siti ya mbele ilikuwa inaua watoto ikifumuka, wazazi wakaambiwa: mtoto akae nyuma, na aliye mchanga ageuzwe kabisa, uso uelekee nyuma. Vifo vya mifuko vikapungua. Lakini mtoto aliyelala nyuma, mgongo wa kiti ukimficha, dereva hamwoni. Tangu 1998 wanakufa huko kwa joto la ndani ya gari watoto 37 hivi kwa mwaka, na zaidi ya nusu walisahauliwa tu. Na jua lenyewe si lazima liwe la Dar: utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nje kukiwa nyuzi 22 tu, ndani ya gari zinaweza kufika 47 kwa saa moja, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Sisi tunaoshika usukani wa gari lililoshinda juani hatuhitaji utafiti.

Mwaka 2002 wahandisi wa NASA kituo cha Langley, Virginia, baada ya mwenzao kufiwa na mtoto hivyo hivyo, walitengeneza swichi inayohisi uzito wa mtoto kitini na kipokezi kwenye kishikio cha funguo. Ukienda mbali, kinalia mara kumi. Dakika ikipita hujarudi, kinalia moja kwa moja. Fundi yeyote angekipenda. Hakikufika madukani.

General Motors walipita njia rahisi mwaka 2016: gari linakumbuka kama mlango wa nyuma ulifunguliwa kabla ya safari, ukizima injini linakukumbusha. Lakini halimjui mtoto, linaujua mlango. Ukiweka gunia la vitunguu litakukumbusha vitunguu, wiki ya pili hulisikilizi tena. Italia wakapitisha sheria 2018, kiti cha mtoto wa chini ya miaka minne lazima kiwe na kifaa cha kengele. Sasa kuna rada inayosoma kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi, hata chini ya blanketi. Sijaifungua bado, natamani.

Ila kitufe cha kijani ni waya mbili, relei na kengele. Hakimtambui mtoto wala hakijaribu. Kinainyanyua tu miguu ya dereva.

Asubuhi nilimweleza mama. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi iache. Kwani fundi umenifanyia nini sasa?" Nikamwandikia stika kwa Kiswahili, nikachukua elfu mbili.

Baada ya wiki akanipigia simu anacheka kwa hasira. Dereva wake amegundua njia: akifika shule, kabla hajazima injini, anamwambia mtoto wa siti ya mwisho akae tayari ambonyezee.