Nguzo ya Palermo na misikiti mia tatu



Wengi mmeniuliza wiki iliyopita nilikuwa wapi. Mwenyeji wangu anayeishi Ulaya alinichukua pamoja na familia yake kwenye meli ya watalii (nauli msiniulize, alilipa yeye, Allah amlipe kheri). Asubuhi moja tukatia nanga Palermo, kisiwani Sicily, Italia, tukaambiwa turudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Wenzetu walipanda mabasi kwenda ufukweni. Mimi nikashika njia kwa miguu kwenda mji mkongwe.

Si mbali, haifiki nusu saa. Barabara inayopanda kuelekea kasri la wafalme ina jina la mfalme wa Italia kwenye vibao, lakini wenyeji wanaiita Cassaro. Sikilizeni vizuri: ni al-qasr hiyo. Mtaa wa upande wa bahari wanauita Kalsa, yaani al-Khalisa. Waislamu waliuchukua mji huu mwaka 831. Jeshi lao lilikuwa limetua kisiwani miaka minne kabla, likitokea Tunisia ya leo, na kiongozi wake alikuwa kadhi, Asad ibn al-Furat, aliyesoma kwa Imam Malik mwenyewe. Yeye Palermo hakuiona. Alifariki 828 wakati mji wa Syracuse umezingirwa. Waislamu wakatawala Palermo hadi 1072, walipoondolewa na Wanormani.

Nikafika kanisa kuu. Lilianza kujengwa 1185 mahali palipokuwa na msikiti wa Ijumaa. Kwenye ukumbi wa mlango wa kusini, upande wa kushoto, ipo nguzo yenye maandishi ya Kiarabu. Nikasogea kusoma. SubhanAllah, ni Suratul A'raf, aya ya 54, ile inayotaja usiku kuufunika mchana, na jua, mwezi na nyota kutii amri ya Mola wao. Watalii wanapita, wanaegemea pale wakipiga picha. Nilisimama kwa muda mrefu.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 973 alifika hapa msafiri Ibn Hawqal, akasema mji una misikiti zaidi ya mia tatu. Mtu akisikia hivyo atasema mashaAllah. Ibn Hawqal hakusema mashaAllah. Alisimama mahali pamoja akaona kama misikiti kumi ndani ya umbali wa mshale mmoja, akauliza sababu. Akaambiwa ni kiburi: kila mwenye uwezo anataka msikiti wake, wa kwake na jamaa zake tu, hata ndugu wawili nyumba zao zimepakana kila mmoja ana wa kwake. Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikwishatutahadharisha na watu kufaharishana kwa misikiti. Nyinyi mnaogombania uongozi wa kamati na kuufungua msikiti wa pili mtaa uleule, mnanielewa.

Miaka 211 baadaye, Desemba 1184, meli iliyombeba Ibn Jubayr akirudi Hijja ilivunjika karibu na Messina, kisiwa hikihiki. Akaja Palermo. Adhana bado ilisikika, kadhi yupo, watoto wanafundishwa Qur'ani misikitini. Lakini Ijumaa hakuna, kwa kuwa khutba ilipigwa marufuku. Waliruhusiwa siku za Idi tu. Wanawake wa Kikristo aliwaona siku ya Krismasi wamevaa kama Waislamu, wamejifunika nguo za hariri. Mavazi yetu yalipendwa. Mfalme Roger II alikuwa na mwanachuoni wetu, al-Idrisi, aliyemkamilishia mwaka 1154 kitabu cha jiografia ya dunia, ndani yake imo hata Malindi na Mombasa yetu. Elimu yetu ilipendwa pia.

Kilichonitoa machozi ni alichoandika kuhusu nyumba za Waislamu. Baba akimkasirikia mwanawe, au mume mkewe, aliyekasirikiwa anaweza kukimbilia kanisani akabatizwa, na baba hana la kufanya tena. Basi wazazi wakaishi kwa kuwabembeleza watoto wao kwa hofu. Huko Trapani mtu mmoja mwenye heshima zake aliwaomba mahujaji mmoja wao amuoe binti yake, aondoke naye kwenda nchi ya Waislamu. Alikuwa radhi asimuone tena. Ndugu zangu mnaolea watoto Ulaya na Marekani, hili someni mara mbili.

Mwaka 1189 mfalme alikufa, Waislamu wa Palermo wakashambuliwa, wengi wakakimbilia milimani. Kuanzia miaka ya 1220 Frederick II akawahamishia Lucera, Italia bara. Mwaka 1300 Lucera nayo ikavunjwa, watu wakauzwa utumwani.

Karibu na kanisa lile kuu kuna msikiti mdogo. Jengo lilikuwa kanisa. Nikaswali Adhuhuri na Alasiri, nikikusanya na kupunguza. Mzee mmoja Mtunisia alikuwa akipanga viatu mlangoni. Nikamuuliza kuhusu Ijumaa. Akasema khutba ipo, ila niwahi, maana nafasi ni ndogo na kunajaa. Nikamwambia meli yangu inaondoka leo.