Mashindano ya Ngoma Usukumani na Ufadhili wa Masomo

Mavuno yakiisha, katika mwezi wa Juni na wa Julai, nchi ya Ntuzu hupata nafasi ya ngoma. Ntuzu ndiyo Bariadi ya leo, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Mgeni azionaye ngoma hizo hudhani ni furaha ya mavuno tu, kumbe ni mashindano yenye kanuni zake, na waamuzi ni watu wote waliofika uwanjani.

Wasukuma husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako mafundi wawili wa ngoma na wa dawa za ngoma, Gika na Gumha, nao wakashindana. Wafuasi wa Gika wakaitwa Bagika, na wa Gumha Bagalu. Na tangu zamani hizo makundi ya ngoma hujihesabu upande mmoja au wa pili. Siku ya mashindano makundi mawili hucheza karibu karibu kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wapendako. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta la kuwavuta: hawa huleta chatu, wale huleta sanamu kubwa za mti zenye mikono ya kuchezeshwa. Naye ningi, yaani mtungaji na kiongozi wa nyimbo, hana budi kuja na wimbo mpya, maana wimbo wa mwaka jana haumtoi mtu kwa jirani. Ndiyo kusema mchongaji, mtungaji, mpiga ngoma na mchezaji wote walipimwa siku moja.

Wako wasemao kwamba kuchora ni sanaa ngeni kwa Wasukuma. Hao na wajue kuwa mwaka 1953 Hans Cory, aliyeitumikia serikali ya Waingereza katika kuchunguza mila, alitoa kitabu juu ya michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka.

Sasa tuulize, mshindi alipata nini? Alipata jina, na jina si kitu kidogo. Lakini mvua zikianza, ningi aliyeimbwa nchi nzima alikuwa shambani na jembe lake kama wenzake. Kama alitaka kujua zaidi, alimfuata fundi mkubwa kuliko yeye. Njia nyingine hakuwa nayo.

Shule zilipokuja hazikumwongezea njia. Tukiri wazi, sisi walimu wa misheni: kwa miaka mingi tuliziona ngoma hizi kuwa mambo ya dawa tu, tukawakataza watoto. Aliyetuonyesha vingine ni Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, aliyaingiza mashindano ya Bagika na Bagalu katika sikukuu ya Mwili wa Bwana, ndiyo Bulabo. Ngoma ikaingia katika ua wa kanisa. Katika mitihani ya shule bado haikuingia.

Kwa mchoraji mlango ulifunguka mapema kidogo, ila mbali. Yapata mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha kuchora huko Makerere, Uganda, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro, kijana wa Machame, aliyeingia Makerere mwaka 1944 kisha akasoma katika shule ya Slade, London, tangu 1952 hata 1955. Mwaka 1960 jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York lilichukua picha yake moja. Twamtaja kwa sababu alikutana na mwalimu aliyeitazama kazi yenyewe, wala hakutosheka na cheti.

Siku hizi cheti ndicho kitazamwacho. Ufadhili uitwao Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, hupewa waliofaulu vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Hatuna neno juu ya hilo. Nchi yahitaji waganga na mainjinia. Lakini mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikiwamo za muziki na sanaa. Kijana wa Bariadi atakayefuata njia hiyo, mzazi wake akiwa mkulima wa pamba, akimaliza atakwenda wapi? Chuo cha sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, kiitwacho sasa TaSUBa, kipo. Nacho ni safari ya yapata kilomita elfu, na ada juu yake.

Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na ngoma za mavuno huanza Juni. Basi vijana wamalizao wana nafasi hasa wakati uwanja unapojaa, kabla vyuo havijafungua milango. Shindano lao lingeweza kufanywa papo hapo, mbele ya wazee wanaojua ngoma na walimu wanaojua kuchora, na tuzo iwe ada ya miaka ya chuo, badala ya kombe la bati.

Hata hivyo liko gumu moja, nasi tumelijadili mara nyingi bila kulimaliza. Umati hupenda chatu kuliko wimbo, na mwenye ndugu wengi huja na watazamaji wake. Hilo wazee waamuzi waweza kulirekebisha. Lakini ufadhili hupewa mtu mmoja, na ngoma ya Kisukuma huchezwa na watu hata arobaini. Ningi akipelekwa Bagamoyo, mpiga ngoma aliyemshikia mapigo usiku kucha atabaki kijijini, na mchonga sanamu naye. Mzee mmoja tuliyemwuliza alicheka, akasema kwamba Gika naye hakucheza peke yake.