Kaske ilitoka wapi, na ipi inakufaa?

LUOFU, teritwari ya Lubero – Mwezi wa Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilishika njia ya kaskazini, kuelekea Lubero na Butembo. Wengi walienda kwa miguu, na waliokuwa na pesa kidogo walipanda moto: dereva mbele, mama na watoto nyuma, godoro juu. Kaske, kama ilikuwepo, ilikuwa kwenye kichwa cha motari. Nyingine ilikuwa ya mjenzi au ya mchimba madini, kwa kuwa watu husema kaske ni kaske. Lakini historia yake inaonyesha kwamba kila kaske ilitengenezwa kwa ajili ya pigo la aina yake.

Kaske ambayo wazee wa Kivu waliiona kwanza kichwani mwa wakoloni ilikuwa ya jua. Ilitengenezwa kwa mti mwepesi kama kizibo, na kufunikwa kitambaa cheupe. Wazungu waliogopa kwamba jua la Afrika lingewaua. Haikuweza kuzuia jiwe wala anguko.

Mfano uko karibu na sisi, kwenye mlima Ruwenzori, upande wa Beni. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa upande wa Kongo akarudi kabla ya kufika kileleni. Tarehe 18 Juni 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika juu kabisa, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, akitokea upande wa Uganda. Mwaka 1932 Wabelgiji wakiongozwa na Xavier de Grunne walikuja kuchunguza upande wetu wa magharibi. Watu hawa wote walipita chini ya mawe na barafu bila kaske ya kupandia mlima, kwa sababu ilikuwa haijatengenezwa bado. Na wenyeji waliowabebea mizigo, ambao bila wao hakuna mzungu angefika, walikuwa na ulinzi mdogo zaidi.

Kaske ya kuzuia kitu kinachoanguka ilitokana na vita. Mwaka 1915 Ufaransa iliwapa askari wake kofia ya chuma iliyoitwa Adrian, kwa sababu ndani ya mahandaki vipande vya mabomu viliwapiga kichwani kutoka juu. Mwaka 1919 Mmarekani Edward Bullard, aliyetoka katika vita hivyo, alitengeneza kofia ngumu ya turubai na gundi kwa ajili ya wachimba madini. Kaske za ujenzi tunazoziona leo ni za ukoo huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wapandaji wa milima nao walianza kuvaa kaske zao: nyepesi, na zenye mkanda wa kidevuni ili zisitoke mtu anapoanguka.

Kaske ya moto ina historia nyingine, ya huzuni zaidi. Mwezi wa Mei 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, mtu maarufu sana wakati huo, alianguka na pikipiki yake, kichwa wazi. Alikufa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuweza kusahau kifo kile. Alianza kuhesabu. Mwaka 1941 aliandika kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa barabarani Uingereza. Kati ya majeruhi aliowaona, waliovaa kaske walikuwa wachache, na walipona. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza liliamuru askari wa pikipiki wavae kaske. Raia walingoja sheria yao hadi 1973.

Tukumbuke kwamba Cairns aliwahesabu abiria pia. Barabara haiulizi nani anashika usukani.

Tofauti ya kaske hizi inaonekana namna zinavyopimwa. Kaske ya mlima huwekwa chini, kisha uzito wa kilo 5 huangushwa juu yake kutoka mita 2: ni jiwe linalokuja kwenye kichwa. Kaske ya moto ndiyo inayoangushwa, ikiwa na kichwa cha bandia ndani, ikagonga chuma kwa kasi: ni kichwa kinachokwenda kwenye jiwe. Ndiyo maana ndani yake kuna povu jeupe gumu, kama lile linalozunguka televisheni ndani ya katoni. Povu hilo hupondeka ili ubongo usipigwe. Kaske ya mjenzi kwa kawaida haina povu hilo, na bila mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Basi, anayenunua sokoni ajiulize kwanza: ni nini kitanigonga? Anayeshuka shimoni au anayejenga anahitaji kaske ya vitu vinavyoanguka. Anayepanda Ruwenzori anahitaji ya mlima, yenye mkanda. Anayepanda moto, mbele au nyuma, anahitaji ya moto, yenye povu ndani na alama ya herufi E ndani ya duara, ingawa alama peke yake yaweza kuigwa. Aivae bila kufunga mkanda na kutikisa kichwa: ikicheza ni kubwa mno. Kisha afunge mkanda na ajaribu kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, aiache. Kaske iliyokwisha anguka vibaya isinunuliwe hata kwa bei ya chini, kwa sababu povu lililopondeka halirudi, hata kama rangi ya nje inang'aa.

Kwa familia iliyoacha nyumba na shamba, bei ya kaske ni mzigo, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini motari mwenye kaske ya pili anaweza kumpa mama aliye nyuma, na chama cha motari kinaweza kuchanga ili kila moto iwe na mbili. Waingereza walipoteza maelfu ya watu kabla ya kujifunza. Sisi tunaweza kujifunza kwa hesabu yao.